Maji Matamu ya Sista na Dokta

Ndengu zilikuwa zimefika nusu ya sanduku la kioo. Mtu alizimwaga humo baada ya mavuno, akafunika kwa gunia, juu ya gunia akaweka ungo, na juu ya ungo paka wa Cucu, nyanya yangu, alikuwa amejilaza kana kwamba hakuna aliyemwambia kuwa mwenye nyumba tumemzika asubuhi ile. Nilimwondoa paka, nikainama, nikanusa. Chini ya vumbi la ndengu bado kulikuwa na harufu ya pati, ile pati ya kubandikia vioo vya madirisha. Nilikuwa nimeingia stoo kutafuta vikombe vya wageni. Nikajikuta nimekalia debe, nalia kwa mara ya kwanza tangu nipigiwe simu.

Binamu yangu mdogo alinifuata akasimama mlangoni. Akaligonga lile sanduku kwa ukucha.

"Hii ilikuwa ya vifaranga, ama?"

"Ilikuwa ya samaki."

Akacheka kidogo, akidhani ni utani wa matangani. Samaki, Siakago, mahali ambapo ng'ombe mwenyewe hutembea nusu siku kutafuta maji. Sikumlaumu. Wa rika lake hawakumwona Cucu wangu akiinama mbele ya kioo hicho kila asubuhi, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, akiuliza waliomo ndani kama wameamka salama.

Mama yangu alikuwa nesi katika zahanati ndogo pale mjini. Daktari mmoja wa kujitolea alipomaliza muda wake aliacha kwenye chumba cha kungojea kisanduku cha kioo, kisichozidi boksi la viatu, na samaki wawili ndani yake. Mmoja alikuwa na rangi ya chungwa lililoiva, mwingine mweusi. Kazi yao ilikuwa kuwatuliza watoto waliokuja kudungwa sindano. Wagonjwa ndio waliowapa majina. Wa rangi ya chungwa aliitwa Sista, kwa sababu hakutulia mahali pamoja. Mweusi akaitwa Dokta, kwa sababu alionekana kwa nadra, na hata akionekana hakuwa na haraka na mtu. Daktari aliyefuata hakutaka wanyama katika zahanati, kwa hiyo mama akawabeba hadi nyumbani kwa Cucu, tulikoishi sisi watatu. Baba sikuwahi kuwa naye, na kwa kuwa sikuwahi kuwa naye, sikujua kwamba ni kitu mtu anaweza kukosa.

Kisha mama akapata transfa ya kwenda mji wa Maua, mbali na kwetu.

Nakumbuka alivyoniketisha kitandani akipanga nguo zake. "Huko nimepewa chumba kimoja, na tutakaa wawili, mimi na nesi mwingine," akaniambia. "Hakuna hata mahali pa kuweka godoro yako. Nikipata nyumba kubwa nitakuja nikuchukue. Si unaelewa?" Nikasema naelewa. "Wewe nichungie samaki. Ukiona wamekuwa wakubwa, ujue nimekaribia kukuja."

Alisema vile watu wazima husema, ili mtoto apate cha kushika mkononi. Mimi nilikuwa mtoto wa nesi, na nilijua maneno ya aina hiyo yanavyofanya kazi. Ukimeza dawa yote, homa inaondoka. Samaki wakikua, Mami anarudi. Nilimsindikiza hadi barabarani bila kulia, na watu wakanisifu kwamba nina akili kuliko umri wangu.

Cucu aliachiwa mjukuu, jambo alilolipenda, na samaki, jambo alilolipokea kama mtu anayepokea jiwe. Wazee wa kwetu hawakula samaki. Kwao kitu kisicho na miguu, kisicho na manyoya, kinachoteleza na kukukodolea macho bila kupepesa, kilikuwa nyoka, hata kama serikali ingekiita jina lingine. Watoto tulifundishwa shuleni kwamba samaki ni protini. Cucu alisikiliza somo hilo hadi mwisho, kisha akasema, "Mwalimu wako na ale."

Aliwawekea sheria zake. Wakae chumba cha mbele, mbali na chakula. Ufagio uliopita chini ya meza yao usiingie jikoni. Mimi peke yangu ndiye niwaguse, na nikiwagusa ninawe kwa sabuni ya kipande. Usiku aliwafunika kwa khanga, nami nikaamini ni kwa ajili ya baridi, mpaka nilipomsikia akimwambia mama wa jirani kwamba hataki watoke sisi tukiwa tumelala.

Mama wa jirani ndiye aliyeeneza habari. Kabla ya muhula kwisha, hakuna mtoto aliyekuja kucheza kwetu. Waliniambia wazi, bila ubaya wowote: "Mathe amesema tusikuje kwenu. Mko na nyoka kwa nyumba." Nilijaribu kueleza habari ya protini. Haikusaidia.

Nilikuwa mpweke. Wakati ule sikulijua neno hilo, lakini leo nalijua na nalitumia bila aibu. Nilitoka shule, nikafungua mlango kwa ufunguo uliofungwa kwenye uzi shingoni, Cucu akiwa bado shambani kwake chini bondeni, na nyumba nzima ilikuwa kimya isipokuwa mabati yakilia kwa joto. Niliketi mbele ya kisanduku nikala uji baridi nikiwasimulia Sista na Dokta mambo ya darasani. Sista alikuja kwenye kioo. Mdomo wake ulikuwa ukifunguka na kufumba, nami nikachukua hayo kuwa majibu.

Mwanzoni mama alikuja kila mwisho wa mwezi, na harufu yake ya dawa ya hospitali na majani mabichi. Baadaye akawa anakuja kwa kuruka mwezi. Baadaye hakuja yeye, kikaja kifurushi: ndizi mbivu, viazi vikuu, mara moja sweta ya kijani iliyonibana kwapani kwa sababu alikuwa akinikumbuka katika kimo nilichokuwa nacho alipoondoka. Cucu alivipokea vifurushi akaviweka kando. Ndizi nilizila nikizichukia.

Na samaki hawakukua. Nilikuwa na njia yangu ya kuwapima. Nilibandika kidole cha shahada kwenye kioo na kungoja Sista apite nyuma yake. Mama alipoondoka, Sista alikuwa akizidi kiungo cha pili cha kidole. Mvua ndefu zilipokwisha, alikuwa anafika kwenye kiungo tu. Wakati wa kuvuna, hakukifikia. Nilipima tena na tena, mkono wa kulia na wa kushoto, na jibu lilikuwa lile lile. Samaki walikuwa wanapungua. Hata siku moja halikunijia wazo kwamba kidole ndicho kilichokua. Nilichoona ni kwamba mama yangu alikuwa anaenda mbali zaidi kila nikipima.

Nikaacha kula. Sikuamua kuacha, chakula chenyewe kilikataa kupita. Cucu alinipikia mtama na ndengu kwa siagi, akanichinjia kuku bila mgeni, akanipeleka kwa wanawake wa kanisa wakaniombea huku wamenishika kichwa. Mwishowe akaniuliza ni nini.

"Samaki wanaisha," nikasema.

"Wanaisha vipi? Si ni wawili vile vile?"

"Wanakuwa wadogo. Kila siku."

Nilitegemea afurahi. Badala yake aliniangalia mkono uliokuwa umebaki mifupa, na kesho yake akamwita Fundi Njeru.

Fundi Njeru alitengeneza madirisha ya nusu ya Siakago. Alikuja na futi kamba yake, akainama mbele ya kisanduku, akakwaruza ndevu. Alikuwa mtu wa kusema na kila kitu, hata misumari.

"Shida ni nyumba," akasema. "Mama, wewe unajua mche. Ukiuacha kwa mkebe, utakaa mwaka mzima ukiwa vile vile. Mizizi inazunguka tu haina pa kwenda. Uhamishe uone. Hawa wahamishe kwa nyumba kubwa."

Yale maneno niliyameza kama maji. Bila shaka! Mama alishindwa kunichukua kwa sababu nyumba ilikuwa ndogo. Samaki walishindwa kukua kwa sababu nyumba ilikuwa ndogo. Dunia nzima ilikuwa na ugonjwa mmoja tu, na fundi alikuwa na dawa yake kwenye mfuko wa suruali.

Aliitengeneza kama alivyojua kutengeneza, yaani kama dirisha. Vyuma vya pembeni vilivyochomelewa, vioo vinne na cha tano chini, pati ndani na nje. "Ni dirisha ya pande zote," akasema alipoileta juu ya mkokoteni, "tofauti ni haifunguki." Ilikuwa ndefu kuliko mkeka wa mtoto. Tuliiacha juani ikauke, na watu waliopita barabarani walisimama kwenye ua wakatazama upande wa pili kupitia ndani yake. Hata watoto waliokatazwa kuja walikuja hadi langoni.

Jumamosi ikafika, siku ya kuhama. Nitawaambia kuhusu maji, maana bila maji hamtaelewa kilichotokea.

Siakago tulikuwa na maji ya aina mbili. Kulikuwa na ya kisima cha pampu, yaliyotoka chini sana na yalikuwa na chumvi. Hayo yalifulia, yalipikia ugali, yalinyweshea mbuzi na watu, na ndimo samaki walimoogelea tangu zahanati. Sisi tuliozaliwa pale tuliyaita ya chumvi kwa jina tu, ulimi haukuisikia. Halafu kulikuwa na maji matamu. Hayo yalikuwa ya mvua, yaliyotiririka kutoka kwenye mabati hadi tangi lililokuwa nyuma ya nyumba, na mdomo wa tangi ulikuwa na kufuli, na ufunguo ulilala kifuani kwa Cucu pamoja na rozari. Maji matamu yalikuwa ya chai ya mgeni. Yalikuwa ya mgonjwa, na ya kumwogesha mtoto mchanga. Kwetu mtu akitaka kukuambia alivyopendwa mahali hasemi alilishwa nyama, anasema, "Walinipa maji matamu." Mimi mwenyewe, mjukuu wa ndani, niliyanywa Krismasi na nikiwa na homa.

Nilikuwa nimeshika ndoo nikielekea kwenye pampu wakati Cucu aliponiita.

"Unaenda wapi na hiyo?"

"Kuwatekea maji."

"Watu wanahamia nyumba mpya, uwape chumvi?" Akatoa ufunguo kifuani. "Weka hiyo ndoo hapa."

Sikuamini. Ulikuwa wakati wa kiangazi, na tangi lilikuwa likilia tupu ukiligonga katikati. Cucu, ambaye alipima maji yale kwa kikombe, alijaza ndoo, akajaza nyingine, mpaka lile dirisha la Fundi Njeru likajaa maji ambayo ungedhani hayapo. Alikuwa amekwisha kulisugua kwa majivu na kulisuuza. Vijiwe vya kisanduku cha zamani, vilivyokuwa na utelezi wa kijani, alivichemsha kwenye sufuria kuukuu hadi vikawa vyeupe. Maji ya zamani, yaliyonuka kidogo, tuliyamwaga kwenye mpapai hadi tone la mwisho. Hakuna kitu kichafu kilichovuka kuingia nyumba mpya. Hivyo ndivyo mtu anavyohamishwa akiwa na wenyewe, na Cucu alikuwa ameamua kwamba nyoka hawa wa mjukuu wake wana wenyewe.

Niliwavusha kwa kichujio cha chai. Cucu alishika bakuli chini ya kichujio, uso ameugeuzia ukutani, midomo ikienda kwa sala. Sista kwanza, kisha Dokta.

Waliruka. Sista alikimbia kutoka pembe hadi pembe, akapanda juu, akashuka, akapiga kioo kwa pua. Dokta, ambaye sikuwahi kumwona akiharakisha, alizunguka kama aliyeitwa na mtu. Nilipiga makofi. "Cucu, ona wanafurahi!" Na Cucu akageuka, akaona, na akacheka, na sisi wawili tukaketi sakafuni bega kwa bega tukiangalia furaha ile. Nilikuwa na njaa kwa mara ya kwanza baada ya majuma. Nikala viazi viwili hapo hapo.

Jua lilipoanza kuingia kwa dirisha la magharibi, Dokta alikuwa amelala ubavu. Nikasema amechoka na safari. Sista alikuwa juu, mdomo nje ya maji, akivuta hewa. Ute mweupe ulikuwa umewafunika ngozi.

Cucu akasogea karibu, karibu kuliko alivyowahi kusogea. Akaangalia kwa muda mrefu. Kisha akajipiga paja kwa kiganja.

"Ni kama mbuzi," akasema. "Mwana wakwa, tumewafanya kama wale mbuzi."

Mimi sikujua ni mbuzi gani. Alinieleza baadaye, lakini wenye mifugo watakuwa wameshaelewa. Mbuzi wa huku chini, aliyezoea miiba na majani makavu, akiuzwa juu kwenye baridi ya Runyenjes, mnunuzi mjinga humfungulia kwenye majani mabichi siku ile ile kwa kumpenda. Mbuzi anakula, anavimba, na asubuhi amekufa. Mwenye akili humpeleka na gunia la majani makavu ya kwao. Anampa hayo kwanza, anachanganya mabichi kidogo kesho, kidogo zaidi keshokutwa. Cucu alilijua jambo hilo tangu utoto wake, na baba yake alilijua kabla yake. Ni kwamba halikumjia kwa sababu alikuwa anatoa kitu chake kizuri kabisa, na mtu akitoa kizuri chake hafikirii kwamba kinaweza kudhuru.

Alichukua jerikeni akakimbia. Sijawahi kumwona Cucu akikimbia kabla ya siku hiyo wala baada yake. Alirudi na maji ya chumvi, akatoa matamu kwa kikombe, akatia ya chumvi kwa kikombe, akingoja, akitia tena, hadi taa ya chemli ikawashwa. Sista aliacha kuvuta hewa, akashuka chini, akatulia. Dokta hakuamka.

Cucu alimtoa kwa mkono wake. Si kwa kichujio, wala kwa jani. Alimbeba kwenye kiganja hadi kwenye mpapai, akachimba kwa jembe dogo, akamlaza, na kunawa hakunawa mpaka nilipomkumbusha.

Pale kwenye mpapai ndipo nilipomwambia. "Basi Mami hatakuja."

"Nani kasema?"

"Alisema nikiona samaki wamekuwa wakubwa ndiyo atakuja. Sasa Dokta amekufa na Sista anaisha."

Cucu alibaki amechuchumaa na jembe mkononi. Nilimweleza yote, kidole, viungo, chumba kimoja cha Maua, godoro lisilo na mahali. Nilipomaliza alishika kidole changu cha shahada akakitazama, akakikunja pamoja na vingine ndani ya mkono wake wenye udongo, na tukaingia ndani.

Juma lililofuata alivaa gauni lake la Jumapili siku isiyo Jumapili, akaniacha kwa mama wa jirani, akaenda Maua. Hakuwahi kufika huko maishani mwake. Aliporudi nilimkimbilia langoni.

"Umemwona Mami?"

"Nimemwona."

"Nyumba yake bado ni ndogo?"

Alifungua kitambaa cha kichwa, akakikung'uta vumbi. "Umempa samaki chakula?" akauliza.

Nilikuja kujua nikiwa mtu mzima mwenye watoto wangu, na mama ndiye aliyeniambia, tukichambua maharagwe, bila mimi kumwuliza. Kile chumba kimoja alikuwa amekwisha kukihama zamani. Alikuwa ameolewa Kangeta, karibu na Maua, na mfanyabiashara wa miraa aliyefiwa na mkewe, mwenye watoto wakubwa kidogo, katika nyumba ya mawe yenye vyumba hata vya kuwekea majani ya ndizi ya kufungia mzigo. Cucu alimkuta akiwaandalia chai jamaa za mume. Hakuketi. Alipitisha macho kwenye milango, mmoja baada ya mwingine, kisha akasema mbele ya watu wote, "Mimi nimehamisha samaki. Wewe umeshindwa kuhamisha mtoto."

Na mume wa mama akaweka kikombe chini, akauliza, "Mtoto gani?"

Hapo mama aliacha kuchambua maharagwe, nami nikaacha. Sikumkasirikia nikiwa mdogo kwa sababu sikujua. Nilimkasirikia siku hiyo kwa mkupuo, miaka yote pamoja, kisha nikaendelea na maharagwe kwa sababu alikuwa amezeeka.

Walikuja kunichukua pamoja, yeye na mumewe, kwa pikapu yenye harufu ya majani ya ndizi. Yule mtu alishuka, akamsalimia Cucu kwa mikono miwili, akaniambia, "Karibu nyumbani," kwa sauti ya mtu aliyeifanyia mazoezi njiani. Alikuwa mwema, na amebaki mwema hadi leo. Mama alinikumbatia akanilia shingoni. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kwa kidole, na ilipofika sikujua nifanye nini nayo. Nilitaka kwenda na sikutaka.

Sista hakwenda. "Huyu amehama mara moja, inatosha," Cucu akasema, na hakuna aliyebisha. Nilikuwa nimeshapanda garini alipokuja na jerikeni ndogo ya manjano, imejaa, kifuniko amekikaza kwa karatasi ya nailoni. Akaniwekea kwenye mapaja.

Mama akacheka, macho bado mabichi. "Mama, ni nini hiyo? Maji? Huko kwetu maji ni mengi, yanamwagika tu. Tena matamu."

"Ndiyo sababu," Cucu akasema. Kisha kwangu: "Usinywe yao peke yake. Tia ya hapa kwanza mengi, yao kidogo. Kesho uongeze yao. Usiwe na haraka."

Nikafanya hivyo. Kangeta nilipewa chumba changu, kitanda changu, na dirisha lililotazama miti mirefu ya miraa na ukungu uliokataa kuondoka hadi saa nne. Kila mtu alinitendea vizuri. Watoto wa yule baba walinipisha kila nilipopita, kwa adabu, na hakuna mtu mpweke kama anayepishwa kila mahali. Asubuhi nilijifungia na kikombe changu, nikatia ya jerikeni, nikatia ya bomba, nikanywa. Mama aliwahi kunifuma. Alifunga mlango taratibu akaniacha. Jerikeni ilipobaki na maji ya kulowesha mdomo tu, niliyamaliza, nikaketi kitandani nikingoja kuumwa. Sikuumwa. Nililia kwa sababu sikuumwa.

Sista alikua, mkitaka kujua. Nilipoenda likizo ya kwanza nilimkuta amenenepa, amejaa mkono mzima, ananifuata kwenye kioo kama zamani. Alikua mimi nikiwa sipo. Cucu alimlea hadi alipokufa kwa uzee wa kisamaki, na akamzika kwenye mpapai karibu na Dokta.

Haya yote yalinipitia nikiwa nimekalia debe pale stoo. Binamu yangu alitoka akarudi na kikombe cha maji, kwa kuwa ndivyo unavyomfanyia anayelia. Nikanywa, na nikasimamisha kikombe mdomoni.

"Ni ya tangi?" nikauliza.

"Tangi limekauka. Ni ya pampu tu."

Uani watoto wa jirani walikuwa wakipokezana kopo la maji yaliyotekwa kwenye ndoo ile ile, wakinywa huku maji yakiwashuka kidevuni, na hakuna aliyekunja uso. Mimi niliisikia chumvi. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuisikia, maana kila nilipokuja Cucu alinifungulia tangi. Niliyameza yote, na nilipomaliza nikamwomba anitafutie jerikeni ndogo, anijazie.

"Ya nini, na huko kwako kuna bomba hadi jikoni?"

"Ni ya kuchanganya," nikamwambia.